Banda Halina Jina

Niliangua kicheko msibani. Tulikuwa tumekaa uani kwa marehemu Damari, hapa Kilosa mjini, kina mama tukichambua mchele kwenye nyungo siku moja baada ya mazishi, mjukuu wake mmoja aliponisogelea akaninong'oneza, "Shikamoo, bibi. Eti ni kweli bibi Damari aliwahi kumvalisha mbuzi karatasi yenye jina lake?" Nikamwitikia marahaba, nikamwambia ndiyo, ni kweli kabisa, ila mbuzi yule aligeuza shingo akalila jina lake kabla watoto hawajamaliza kulisoma. Hapo ndipo kicheko kiliponitoka, kikubwa, mpaka wenzangu wakaacha mchele wakanitazama. Kisha machozi yakafuata, na mama mmoja akanisogezea maji. Yule binti aliona haya, akadhani amenikosea. Hakunikosea. Alikuwa amenirudisha kwenye mwaka mmoja ambao nimekaa nao kifuani tangu ujana wangu, na ambao sasa, Damari akiwa ardhini, nimebaki nao peke yangu.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimetoka kwenye mafunzo mafupi ya walimu wa watoto wadogo kule Morogoro, na barua ya kupangiwa kazi ilinipeleka Ulaya. Majirani zetu walilifurahia sana jambo hilo. "Zaina anakwenda Ulaya," walisema, "usisahau kutuletea masweta." Ulaya yetu ni kata ya wakulima, ya njia za vumbi na baiskeli na siku za gulio, na kijiji nilichopelekwa kilikuwa mbele zaidi, upande wa kwenda Mikumi. Kilikuwa kijiji kipya cha ujamaa, kilichopimwa kwa kamba katikati ya pori, nyumba zimepangwa mistari kama mahindi. Watu walikuwa wameletwa kutoka kila upande. Wengine walikuja wenyewe na vyombo vyao kichwani, wengine walishushwa kwenye malori wakiwa bado wanauliza wamefika wapi. Usiku ungeweza kusikia tembo wakivunja matawi ng'ambo ya mto, na asubuhi wanawake wakawa wanatazama kinyesi cha tembo njiani kabla ya kwenda kuchota maji, wajue kama ni cha jana au cha sasa hivi.

Damari alikuwa ametangulia. Alinizidi miaka kama kumi, mtu wa milimani, Mwanglikana aliyesomeshwa misheni, mrefu, mwenye sauti ya chini iliyokufanya usogee karibu ili uisikie. Mimi nilikuwa Mwislamu wa bondeni, nazungumza kwa kasi, naogopa kila kitu. Tulipewa chumba kimoja chenye vitanda viwili vya kamba na dirisha dogo ambalo tuliliziba kwa gunia kulipokuwa na baridi. Yeye alisali upande wake na mimi nikasali upande wangu. Jioni alisonga ugali wa mtama mgumu ajabu, akapika mlenda wa kuteleza ambao mwanzoni sikuweza kuumeza bila kufumba macho. "Kula, mdogo wangu," alikuwa akiniambia. "Huu mlenda ndio uliojenga milima." Kufikia mwisho wa mwaka nilikuwa nauomba mwenyewe.

Darasa letu lilikuwa jengo la miti na udongo lililoezekwa nyasi, lisilo na kitu ndani ila mikeka, ubao mmoja uliopasuka na chaki ambazo tulizitumia mpaka zikatuteleza vidoleni. Kitabu hata kimoja hakikuwepo. Watoto wa miaka mitano, sita, walikaa wakitutazama kama wageni wanaosubiri kuambiwa waondoke. Siku ya kwanza nilijaribu kuwaimbisha a, e, i, o, u, na sauti zikaja nyembamba, za hofu. Usiku ule Damari, amelala chali, akasema gizani, "Hawa watoto wamehamishwa, Zaina. Hapa hawakijui kitu chochote. Tuanze kwa kuwapa majina."

Basi tukaanza kutengeneza vibandiko. Damari alipanda baiskeli mpaka Mikumi, kwenye maduka ya barabara kuu yanakosimama malori ya Zambia, akaomba maboksi matupu ya sabuni, akarudi nayo yamefungwa nyuma kama mnara. Tuliyakata kwa kisu cha jikoni. Wino mweusi tuliupata kwa kukwangua masizi ya chungu na kuyakoroga na uji mwepesi wa muhogo. Brashi ilikuwa kijiti cha mswaki kilichotafunwa ncha. Njano tulitoa kwenye binzari, nyekundu kwenye udongo wa kichuguu, buluu kwenye ile bluu ya kufulia nguo nyeupe. Tuliandika kila neno kwa herufi nene, kisha tukalipamba kingo. Dirisha lilipata kingo za buluu ya mbingu. Jiko lilizungushiwa majivu na nyekundu. Kuku alipata manyoya ya kweli, mtungi ukapata mistari ile ile wanayoichora wafinyanzi shingoni mwa mitungi yao. Mimi nilitaka tufanye haraka haraka, tupate maneno mengi. Damari hakukubali. "Neno liwe zuri mpaka mtoto ashindwe kulipita," alisema, akaendelea kubandika ganda la hindi, moja moja, kuzunguka neno *mlango*, kana kwamba alikuwa anamsuka bibi harusi.

Watoto hawakuviita vibandiko. Waliviita majina. Asubuhi waliingia wakavigusa kwanza kabla ya kutuamkia, nasi tukawa tunawakumbusha: shikamoo kwanza, majina baadaye. Kidogo kidogo jengo lile lilijaa rangi. Neno *mlango* lilikuwa mlangoni, *dirisha* dirishani, *nguzo* kwenye nguzo, *ndoo* kwenye ndoo. Tulitengeneza pia *kitanda*, tukalibandika kwenye kitanda kidogo cha fito walichochezea wanasesere wao wa magunzi. Siku ya mbuzi ndiyo hiyo niliyokwisha kuieleza.

Nyuma kabisa kwenye mkeka alikaa Yunisi. Alikuwa na miaka sita, kichwa kidogo, macho makubwa yasiyopepesa. Familia yao ilikuwa imeshushwa kutoka milimani, na hakuwa akijua Kiswahili zaidi ya salamu. Damari alimsemesha kwa lugha ya kwao, akajibu kwa kichwa. Mimi nikimuuliza, alitazama miguu yangu. Lakini wenzake walipotoka kucheza, yeye alibaki ndani, akipita kutoka jina moja hadi jingine, akifuata herufi kwa kidole kimoja, taratibu, kama mtu anayepapasa uso wa ndugu yake gizani. Nilidhani anapenda rangi.

Baba yake alikuwa na maoni yake kuhusu kazi yetu, na niliyasikia bila kutaka. Jioni moja mke wa mwenyekiti wa kijiji, Mzee Kibwana, alitualika kula. Tulikuwa jikoni, sinia la ugali na dagaa katikati yetu, na barazani wanaume wakizungumza nyuma ya ukuta wa fito. Nikasikia sauti ya Baba Yunisi. Kiswahili chake kilikuwa kizito, cha mtu anayechagua kila neno. "Nyumba yangu wameitoa paa mbele ya macho yangu, ndugu mwenyekiti. Nikaambiwa niteremke, huku kuna shule. Nimeteremka. Kumbe shule yenyewe inamfundisha mwanangu kwamba mlango unaitwa mlango." Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. "Mimi sikusoma. Utotoni niliachwa shambani nifukuze nyani, wenzangu wakaenda misheni. Lakini kupamba ukuta si kusoma, hata mimi najua. Pamba ikivunwa, jengo lile liwe ghala. Watoto warudi kwa mama zao."

"Tutalitazama hilo, ndugu," alisema Mzee Kibwana. Sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye ameshakubali.

Damari aliendelea kula. Aliposhiba alinawa mikono, akaniambia polepole, "Amenyang'anywa nyumba. Acha aseme." Mimi sikulala usiku ule. Nilikuwa naiamini kazi yetu, lakini nikijiuliza ningemwonyesha nini mtu kama yule, ningeshika kitu gani mkononi niseme, hiki hapa, hiki ndicho tulichowapa.

Muda si mrefu majina yakaanza kupotea. Tulikuta *jiko* halipo. Kisha *dirisha*. Kisha *kitanda*. Damari alilaumu mbuzi, kwa sababu gundi yetu ilikuwa ya unga wa muhogo na tayari tulijua ladha yao. Tukabandika mengine, juu zaidi. Nayo yakaenda.

Asubuhi moja Mama Yunisi alikuja mlangoni mwa darasa, mtoto mchanga mgongoni, pumzi zimemwishia. "Mwalimu, Yunisi yupo kwenu?" Hakuwepo. Alikuwa ameondoka nyumbani kabla ya uji, na kila mtu alidhani amewahi darasani. Nilitazama ukutani nikaona ganda moja tu la hindi limebaki pale lilipokuwa neno *mlango*. Mzee Kibwana akaamuru debe lipigwe. Watu wakatoka mashambani na majembe. Wanaume wakaenda mtoni, kwa sababu tembo walikuwa wamepita pale alfajiri, na hakuna aliyesema kwa sauti walichokuwa wakikitafuta kwenye matope. Hatimaye mama mmoja aliyekuwa akitoka kisimani akasema alimwona mtoto akishika njia ya mlimani, amekumbatia kitu kifuani.

"Kitu gani?" akauliza Baba Yunisi.

"Niliona kama makaratasi."

Aligeuka akatutazama, Damari na mimi. "Kama mwanangu amekufa kwa ajili ya makaratasi yenu," alisema, kisha hakumaliza. Alichukua panga akashika njia. Damari alivua viatu akamfuata. Nikawafuata, na Mzee Kibwana na wanaume wengine wawili wakaja nyuma yetu.

Nimepita njia nyingi maishani, lakini ile ndiyo ninayoiota. Ilipanda kupitia nyasi zilizotuzidi urefu, ikakata kijito, ikaingia kwenye miombo ambako ndege walinyamaza tulipokaribia. Baba Yunisi alikuwa mbele. Aliijua njia ile kwa nyayo. Kila baada ya siku chache alikuwa akiipanda kwenda kung'oa mihogo iliyobaki kwenye shamba lake la zamani, na mara moja mbili alimchukua binti yake. Penye udongo laini tuliona unyayo mdogo, na pembeni yake, mkubwa na wa mviringo, unyayo wa tembo. Mzee Kibwana aliuinamia akasema wa tembo ni wa zamani. Sikujua kama ni kweli au alisema kwa huruma. Damari akanishika mkono, tukaendelea hivyo, kama watoto.

Jua lilikuwa utosini tulipotokea kwenye uwanda mdogo mlimani. Hapo ndipo palikuwa kwao. Paa halikuwepo, fito zilikuwa zimeng'olewa, na kuta zilizobaki zilifika magotini, mvua ilikwisha kuzilainisha, zikaota magugu. Matango yalikuwa yamejiotea kila mahali. Katikati ya magofu yale alikaa Yunisi, mzima, amekunja miguu, anakula tango.

Baba yake alidondosha panga. Alikwenda moja kwa moja, akaruka ukuta ule mfupi ili amfikie. Na Yunisi, mdomo umejaa tango, akainua mkono kumzuia, akasema neno kwa lugha ya kwao.

Baba yake akasimama. "Anasema nini?" nikamuuliza Damari.

"Anamwambia amepita ukutani."

Ndipo tukaona. Penye pengo kati ya kuta mbili, pasipo na fremu wala ubao, palikuwa pamechomekwa kijiti, na juu yake neno *mlango* na maganda yake ya mahindi. Kwenye mawe matatu meusi lilikuwa *jiko*. Ndani, kwenye kona, mahali patupu pa ardhi penye urefu wa mtu, lilikuwa limelazwa *kitanda*, na kokoto nne kwenye pembe lisipeperuke. Upande wa bondeni ukuta ulikuwa umeanguka wote ila mti mmoja, na kwenye mti ule, likining'inia kwa kamba ya mgomba, likizunguka polepole na upepo, lilikuwa neno *dirisha*. Nilikwenda nikasimama nyuma yake. Kutoka pale niliiona mbuga yote ya Mikumi, imelala mpaka inakutana na mbingu. Hicho ndicho walichokuwa wakikiona kila asubuhi walipofungua dirisha.

Morogoro nilifundishwa kwamba mtoto huonyeshwa kitu na neno lake, kitu na neno lake, mpaka ayafunganishe. Nilifundishwa vizuri, na nimewafundisha wengine hivyo hivyo kwa miaka mingi. Lakini pale vitu havikuwepo. Mlango haukuwepo, kitanda hakikuwepo, dirisha lilikuwa hewa. Mtoto wa miaka sita, kwa lugha isiyo yake, alikuwa amegundua peke yake jambo ambalo mimi sikuwa nimelifikiria: kwamba neno linaweza kusimama mahali pa kitu kilichoondolewa, na likaketi pale pale kilipokuwa, na watu wakakijua. Damari alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya kitenge chake.

Baba Yunisi hakujua kusoma hata herufi, lakini hakuna aliyehitaji kumsomea. Aliyatazama majina yale moja moja, akapita mahali pa kitanda bila kupakanyaga. Kisha akarudi nyuma, akaruka tena ukuta akatoka nje, akazunguka mpaka kwenye pengo. Akainama kidogo, kama mtu mrefu anayeujua mlango wake mfupi, akaingia. Ndipo binti yake akainuka, akamwendea. Nasi tukaingia kwa pale pale, mmoja mmoja, Mzee Kibwana akiwa wa mwisho, na yeye pia aliinama. Alisema "hodi" kwa sauti ndogo, na Baba Yunisi, amembeba mwanawe, akamwitikia, "Karibuni ndani."

Upande wa nyuma, palipokuwa na vishimo vya nguzo ndogo, nililikuta neno *ndoo*. Nilidhani amekosea, na nikamwonyesha Yunisi kwa kidole. Alinitazama, kwa mara ya kwanza usoni, si miguuni. Alipanga maneno yake, nikaona akiyapanga, kisha akasema kwa Kiswahili, "Mwalimu, banda halina jina."

Lilikuwa banda la kuku. Hatukuwahi kuandika banda. Alikuwa amechukua jina alilokuwa nalo, akaliweka pale kushika nafasi mpaka sisi walimu wake tutakapoleta lililo sahihi.

Tuliteremka polepole. Hatukuondoa kitu.

Hakuna aliyelizungumzia tena ghala. Pamba ilipovunwa ilirundikwa barazani kwa Mzee Kibwana, na alipokuwa akilalamika kwamba hapati pa kukaa, alikuwa akilalamika akicheka. Kina mama wakaanza kutuletea maboksi wenyewe, na manyoya, na vipande vya khanga zilizochakaa, na mmoja akaniomba kwa aibu nimwandikie jina lake, aone linafananaje. Kuhusu mimi, nilibadilika bila kelele. Nilikuwa nimekwenda kule kama mtu anayegawa kitu. Tangu siku ile niliingia darasani kama mtu anayeingia mahali ambapo lolote linaweza kutokea, na hisia hiyo haikuniacha mpaka nilipostaafu.

Mwaka ulikuwa unaelekea ukingoni, na mimi nimeshaambiwa kwamba nitahamishiwa Mikumi, Baba Yunisi alipokuja darasani asubuhi moja. Alisimama nje mpaka nilipomkaribisha. Alikuwa ameshika mkono wa binti yake na, kwapani, kipande cha boksi alichokikata mwenyewe, kingo zimenyooka.

"Mwalimu, nataka jina."

"La kitu gani, Baba Yunisi?"

"La kule juu. La mahali penyewe."

Akalitaja. Sikuwahi kulisikia, kwa sababu kijijini kila mtu alisema kule juu tu. Lilianza kwa m inayopumua, sauti ya milimani ambayo Kiswahili cha shuleni hakina. Nikamwomba alirudie. Akalirudia, taratibu, kama anavyorudia mtu anayetaja jina la mzazi wake kwa mgeni. Nilimtazama Damari, ambaye ndiye mwenye lugha, nikamuuliza linaandikwaje.

"Sijui," akasema. "Sijawahi kuona limeandikwa."

Huenda karani fulani aliwahi kuliandika mahali fulani. Sisi hatukujua. Nilichovya kijiti kwenye masizi na mkono wangu ukasita juu ya boksi. Nimeandika maelfu ya maneno tangu siku hiyo, lakini sijawahi tena kuwa na woga ule, wa kushika neno ambalo limeishi vinywani mwa watu tangu babu wa babu zao na kulitafutia herufi. Niliweka m. Nikaweka h karibu yake, iwe ile pumzi. Nikaendelea, silabi kwa silabi, Baba Yunisi akifuata ncha ya kijiti kwa macho. *Mhalanda.*

Nilimgeuzia Yunisi boksi. Hakuna aliyemwambia nimeandika nini hasa, kwani alikuwa amekwenda kugusa majina ukutani tulipokuwa tukizungumza. Aliweka kidole chake. Alianza na silabi alizozijua, akarudi mwanzo, akapuliza ile m mara mbili, hakuridhika, akapuliza tena. Kisha akalisema lote, kwa sauti safi ya milimani, na baba yake akashika nguzo.

Halafu Baba Yunisi akauliza, akinitazama mimi, "Likinyeshewa je, mwalimu? Rangi itaondoka."

Nilikuwa natafuta cha kumjibu, lakini Yunisi alikuwa ameshachukua kijiti mkononi mwangu.

"Nitaandika lingine, baba," alisema.